Anga la Upana wa Mlango

Nyumbani kwa Fizi, mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa na kazi mbili. Jumatatu mpaka Jumamosi ulikuwa mlango, basi, kama milango mingine. Jumapili baada ya chakula cha mchana Fizi alichomoa pini za bawaba kwa koleo, akaukumbatia mlango mzimamzima kama mtu anayecheza dansi na shangazi mnene, akaulaza sebuleni juu ya kimeza na ndoo mbili zilizopinduliwa. Hapo upande wa ndani ulitazama dari. Upande huo alikuwa ameupaka rangi nyeusi na kuunyunyizia nyota kwa mswaki wa zamani. Ukishalazwa haukuitwa mlango tena. Uliitwa anga, na mke wake alikatazwa kuweka kikombe cha chai juu yake.

Fizi si jina alilopewa na wazazi wake. Lile la wazazi lipo, limo kwenye kitambulisho, halina anayelitumia. Yeye ni fundi wa meno ya bandia, na kazi yake anaifanyia katika kijichumba nyuma ya kliniki, chumba cha kuingia kwa ubavu. Watu wakisikia fundi wa meno wanadhani anang'oa. Masikini, hajawahi kung'oa hata jino la panya. Yeye analetewa umbo la kinywa cha mtu, analimwagia plasta, anapanga meno kwenye nta, kisha anakoroga ule unga wa rangi ya ufizi na dawa yake kali inayonuka mpaka kwenye shati la Jumapili. Vinywa vya nusu ya mji amevishika mkononi, na wenyewe akikutana nao njiani hawajui.

Mchezo wa vyombo vya anga alifundishwa na daktari kijana aliyepita pale kliniki, akahamishwa, akaacha nyuma kijitabu cha kanuni. Vyombo vyenyewe aliondoka navyo. Fizi hakubabaika. Masalio ya unga wa ufizi yalikuwepo, kalibu anajua kuchonga, basi akajitengenezea kikosi chake: vyombo vidogo vya urefu wa kidole gumba, vyenye mabawa na mkia, vyote rangi ya ufizi. Kikosi cha adui akakitengeneza kwa ile nyeupe ya meno, akampa rafiki yake kinyozi wa mtaa wa pili. Vipande vya plasta vyenye sura ya magego vikawa mawe yanayoelea angani. Mtu mgeni akichungulia dirishani angeapa kwamba watu wazima wawili wanagombania vinywa vya marehemu.

Kijitabu kilitaka meza kubwa, meza ambayo mtu angeweza kulala na mkewe wasigusane. Nani anayo meza hiyo kwenye vyumba viwili? Wakapunguza. Badala ya rula wakatumia njiti za kiberiti. Mwendo mfupi njiti moja, mwendo mrefu njiti tatu. Kila mmoja anachagua kadi kwa siri, moja kwa moja au kona, anailaza kifudifudi, kisha wanafunua pamoja na kila chombo kinaenda kilikoandikiwa. Kusimama hakuna. Kurudi nyuma hakuna. Ukimkalia mwenzako mgongoni unarusha dadu kumpiga, na chombo kikivuka ukingo wa mlango kimepotea, hakirudi tena. Katika anga kubwa huo ukingo ni kitu cha mbali. Katika anga la upana wa mlango, ukingo ndio adui wa kwanza. Kinyozi alipoteza vyombo vingi kwa ukingo kuliko kwa Fizi.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokwenda tangu binti yao alipoolewa na chumba cha nyuma kubaki kitupu, mpaka mama mkwe alipokuja.

Mama mkwe alikuwa dereva wa folklifti, kile kigari cha kunyanyulia mizigo ghalani, maisha yake yote ya kazi. Bi Usukani, ndivyo walivyomwita wenzake. Alikuwa akipita katikati ya rafu kwenye njia ambazo wanaume walizipita wameshika roho mkononi, huku akisema kwa sauti ya kushinda injini. Mjane tangu ujanani, alilea watoto wake kwa usukani ule. Sasa alikuwa amestaafu, fizi zikamwuma, meno yakalegea moja baada ya jingine, na daktari wa huko kwake akayang'oa yote. Binti yake, yaani mke wa Fizi, ambaye ni mshonaji wa mapazia, alipokwenda kumjulia hali alimkuta mama amekonda nguo zinamwelea. Hakumwuliza mara mbili. Akamfungia mzigo, akaja naye.

Mama mkwe aliingia na mtandio umefunika nusu ya uso, na haukushuka. Alisalimia kwa mkono. Chakula alikula chumbani peke yake, mlango umefungwa: supu, uji, ndizi iliyopondwa. Mke wa Fizi akajaribu.

"Mama, nikushonee pazia zuri, mlango tuutoe, upate hewa."

"Pazia halizuii sauti," mama akasema ndani ya mtandio. "Mtu asiye na meno akila anasikika. Niachieni mlango wangu."

Basi anga likarudi kwenye bawaba zake, nyota zikatazama ndani, na Jumapili zikawa Jumapili tu. Fizi na Kinyozi walijaribu kuchezea kwenye sinia la chai. Vyombo viligongana kabla hata ya kufunua kadi, Kinyozi akakasirika, wakaacha.

Lakini kilichomkaa Fizi rohoni hakikuwa mchezo. Ili ueleweke uchungu wake, lazima urudi nyuma mpaka siku aliyokwenda kumposa yule mshonaji wa mapazia. Alikwenda peke yake. Hakuwa na baba, hakuwa na mjomba, hakuwa na hata jirani wa kumsemea. Wakubwa wa ile nyumba walimkalisha kwenye stuli, wakamwuliza kazi yake, akasema anajifunza kutengeneza meno, wakacheka mpaka wakafutana machozi. Mmoja akauliza kama meno hayo yanauma. Fizi alikuwa ameshainuka kwenda zake. Ndipo Bi Usukani akaingia kutoka kazini, bado amevaa ovaroli, akawatazama, akamtazama kijana.

"Ukikosea kazi, unafanyaje?" akamwuliza.

"Nayeyusha nta, mama. Naanza upya."

"Basi kaa ule," mama akasema, akasukuma sahani yake mwenyewe mbele ya Fizi.

Hiyo ndiyo siku Fizi alipopata watu wake. Sasa mama yule yule anakula nyuma ya mlango nyumbani kwa fundi wa meno! Fizi hakutaka kitu kingine duniani ila amtengenezee mama meno, atoke, akae nao mezani. Daktari wa kliniki alikuwa tayari kumkagua, na umbo la kinywa angemwachia Fizi mwenyewe alichukue nyumbani. Kilichobaki ni mwenye kinywa kukubali. Fizi akamtuma mkewe.

Jibu lilirudi upesi. "Mwambie mkwe wangu namshukuru, Mungu amzidishie. Lakini kinywa hiki simfungulii mwanamume niliyempa binti yangu. Heshima iliyobaki ndiyo hii ya kufumba mdomo."

Kwa hilo huwezi kumlaumu mama. Mbele ya mkwe mtu huvaa vizuri, hukaa vizuri, husema vizuri. Kumwachamia mkwe hata ukiwa na meno yako yote ni kazi. Fizi hakumtuma mkewe tena. Akijua adabu ni adabu, alianza hata kutembea sebuleni kwa vidole, asije mama akadhani anasikilizia.

Jumamosi moja mchana alikuwa ameketi sebuleni anapiga viatu rangi, mkewe yuko dirishani na cherehani yake, sauti ikatoka nyuma ya mlango.

"Mkwe!"

Brashi ikamtoka mkononi. Mama hakuwahi kumwita tangu afike. "Naam, mama."

"Haya meno yako mbona yanachoma?"

Fizi akamtazama mkewe, mkewe akapandisha mabega. "Meno gani, mama?"

"Haya ya kwenye kopo la biskuti, chini ya kitanda. Nimeyaona tangu juzi. Nikasema, mwanangu ameniwekea kimyakimya, hataki kuniaibisha. Leo nimejaribu moja la juu. Mkwe wangu, hili lina pembe!"

Fizi akainuka. Akasogea mlangoni, akaweka mdomo karibu na ubao.

"Mama, samahani. Hayo si meno. Hivyo ni vyombo vya anga."

"Vyombo vya nini?"

"Vya anga, mama. Vya kuruka kwenda kwenye nyota. Ni mchezo wetu, mimi na Kinyozi. Rangi tu ndiyo ya ufizi."

"Yaani nimetia ndege mdomoni?"

"Ndiyo, mama. Samahani sana, mama."

Fizi akawaza kwamba kesho asubuhi mama atafunga mzigo wake. Halafu kikasikika kitu kama mluzi, kikafuatiwa na kikohozi, halafu mama mkwe akapasuka kwa kicheko. Alicheka kwa ile sauti ya ghalani, ya kushinda injini, akapiga kitanda kwa kiganja, akanyamaza, akasema "ndege!" akaanza tena. Mke wa Fizi alikuwa amesimamisha cherehani na machozi yanamtiririka, maana kicheko kile hakukisikia tangu mama yake ang'olewe meno.

Mlango ukafunguka upana wa mkono. Mkono ukatoka, umeshika chombo kilichokwisha kufutwa vizuri.

"Na hizi nyota huku ndani? Nimelala nazitazama tangu nije. Nilidhani mmenipakia nisione upweke."

Fizi angeweza kusema uongo mtamu. "Ndio uwanja wa mchezo, mama," akasema.

"Basi kesho utoe mlango wako nione. Lakini kabla ya chakula cha jioni uwe umerudi kwenye bawaba. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mama."

Kinyozi alipoitwa kesho yake alikuja mbio amevaa aproni. Mama akaketi kwenye kiti cha pembeni, mtandio juu, macho tu ndiyo yanaonekana. Raundi ya kwanza alitazama. Raundi ya pili alianza kuguna kila Kinyozi alipofunua kadi. Raundi ya tatu akasema, "Pisha," na Kinyozi, mtu mwenye duka lake na wateja wake, akapisha.

Hapo ndipo Fizi alipojua hajui. Mama hakuwa na haraka. Alitazama mlango kama anavyotazama njia ya katikati ya rafu, akachagua kadi, akailaza. Vyombo vyake vyeupe vilipita kati ya magego ya plasta bila kuyagusa, vikageukia ukingoni kabisa, nusu ya bawa iko nje ya anga, vikarudi ndani vikiwa mgongoni mwa Fizi.

"Wewe unatazama pua," mama akamwambia baada ya kummaliza. "Wanaume wengi ndivyo walivyo. Pua inajipeleka yenyewe. Tazama mkia, mkia ndio unaogonga watu."

Jumapili zikarudi, na safari hii zilikuwa na utamu mwingine. Fizi alipigwa kila wiki na akashukuru kila wiki. Alimsikia mama akisema, akibisha, akimtania Kinyozi kwamba ananyoa vyombo vyake mwenyewe. Ila ikifika jioni chakula kikinukia, mama aliutazama mlango, Fizi akachukua pini, bawaba zikalia, na mama akaingia ndani na bakuli lake la supu. Mlango ukafungwa. Uso wa mkewe ukashuka. Kila Jumapili hivyo hivyo.

Mwishowe Fizi akapiga moyo konde. Alikuwa anapanga vyombo, hakuinua macho.

"Mama, leo tuwekeane dau."

"Mimi sichezi kamari."

"Si pesa. Nikishinda mimi, unanipa kinywa chako muda wa kuchemsha yai, nichukue umbo lake. Ukishinda wewe, sitakuomba tena maisha yangu yote. Wala binti yako hatakuomba."

Mkasi wa mkewe ulianguka sakafuni. Kinyozi akajifanya anatafuta kitu mfukoni. Na Fizi mwenyewe, neno lilipokwisha kumtoka, akaona alichokifanya. Hajawahi kumshinda mama hata mara moja. Amechukua tumaini lake lote akaliweka juu ya mlango, mbele ya dereva wa folklifti.

Mama alivuta mtandio, akaukaza.

"Haya," akasema.

Sitakuchosha na raundi zote. Itoshe kwamba Fizi alicheza kama mtu anayetoa mwiba jichoni. Alitazama mkia. Mara mbili akaponyoka kwenye dadu mbaya, mara moja Kinyozi akashangilia akakemewa. Kila mmoja akabaki na chombo kimoja. Cha Fizi, cha rangi ya ufizi, kilikuwa kimebanwa pembeni karibu na tundu la kitasa, hakina mbele wala nyuma. Cha mama kilikuwa ubavuni mwake, kimeelekea ukingo, na kona moja fupi tu ingekiweka mgongoni mwa Fizi. Hata Kinyozi aliiona. Fizi alichagua kadi yake ilimradi amechagua.

Mama hakuchagua. Alimtazama Fizi, kwa muda mrefu kuliko mama mkwe anavyomtazama mkwewe. Akamtazama binti yake aliyesimama na kitambaa cha watu kimekunjamana kifuani. Akatazama mlango. Ndipo akalaza kadi yake.

Wakafunua. Ya Fizi ilikuwa kona fupi ya kushoto, yenye kukiacha chombo chake ndani ya anga. Ya mama ilikuwa moja kwa moja, njiti tatu.

Mbele ya chombo cha mama kulikuwa na anga la njiti moja na nusu.

"Mama," Fizi akasema, "umekosea kadi. Badilisha, haina neno."

"Kadi ikifunuliwa imefunuliwa." Mama akachukua njiti, akapima mwenyewe, moja, mbili, na chombo cheupe kikavuka ukingo, kikaangukia sakafuni. "Nimeteleza. Macho ya uzeeni haya."

Macho hayo hayo asubuhi ile yalikuwa yametunga uzi kwenye sindano ya binti yake kwa jaribio moja. Mama alipeleka mkono shavuni, na mtandio ukashuka.

Fizi hakungoja moyo wa mtu ubadilike. Mkoba wake ulikuwa chini ya kiti. Kila Jumapili alikuwa akiuweka hapo, na mkewe alijua. Akaosha mikono, akakoroga unga wa kuchukulia umbo na maji kwenye bakuli la mpira mpaka ukawa laini, akaujaza kwenye kijisinia cha umbo la taya. Kinyozi akatoka nje bila kuambiwa.

"Achama, mama."

Akaachama. Fizi ameshaona vinywa vingi kuliko sura, na humo hakuona aibu yoyote. Aliona fizi safi, zilizopona vizuri, na taya la mtu aliyekaza meno miaka mingi ili watoto wale. Akaweka kijisinia, akakibana kwa vidole viwili. Sasa ilikuwa lazima kungoja unga ugande, na mama hawezi kusema neno.

Na Fizi hakuwa amepanga. Maneno yalimtoka tu.

"Mama, usijibu, utaharibu kazi. Ile siku nilikuja kwenu sina mtu. Nilikuwa nimeshainuka niende. Ukanisukumia sahani yako, ukaniambia nikae nile. Mimi tangu siku ile sijala peke yangu. Nimeishi vizuri, mama. Nina mke, nina mtoto, nina pa kurudi jioni. Yote ni ile sahani. Sijawahi kukushukuru kwa sababu kila nikitaka kuanza nakuogopa. Asante. Ndiyo hivyo tu. Asante, mama."

Mama mkwe hakuweza kugeuza kichwa wala kufumba mdomo. Machozi yalishuka yenyewe mpaka kwenye vidole vya Fizi. Akamshika mkwewe kiwiko cha mkono, akakikamata hivyo mpaka unga ulipoganda.

Kijisinia kilipotoka, alimeza mate, akajifuta.

"Wewe," akasema, "ulikuwa unangoja unijaze mdomo ndipo useme?"

Jioni ile mlango bado ulirudi kwenye bawaba, maana meno hayajawa meno. Fizi aliyapanga kwenye nta, hakuridhika na kicheko ambacho yangempa mama, akayeyusha, akaanza upya. Akayeyusha tena. Yalipokwisha aliyaleta nyumbani ndani ya kopo la biskuti. Mama akafungua, akayageuza juu na chini.

"Haya hayana mabawa?"

"Hayana, mama."

Jumapili iliyofuata walicheza. Mama alimpiga Fizi kipigo ambacho hajapigwa tena mpaka leo, na macho yake hayo ya uzeeni, akamfuatia Kinyozi, na kila alipofunua kadi alitabasamu ili watu wayaone. Jikoni chakula kikaanza kunukia. Fizi, kwa mazoea, akavikusanya vyombo, akainama kuchukua koleo na pini za bawaba, akashika ukingo wa mlango auinue.

Haukuinuka. Mama alikuwa ameuegemea kwa viwiko vyote viwili, na mbele yake, juu ya nyota, mke wa Fizi alikuwa anaweka sahani.

"Weka chini hizo pini," mama akasema. "Kaa ule."